TV Iliyotazama Uani

Wewe uliyetoka kwenye dirisha la kliniki sasa hivi na kikopo cha makohozi mkononi, njoo ukae, nakusogezea benchi. Najua umeambiwa nini. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, tena na sista aliyekuwa anakula muhogo. "Una TB," akasema, akatafuna, akameza, "inatibika." Nikasikia lile la kwanza tu. Hilo la pili lilikuja kunifikia masikioni kama mwezi mmoja baadaye.

Naitwa Hamisi, ila sokoni Mchikichini walikuwa wananiita Redio. Nilikuwa nauza suruali za mitumba, na suruali ya mtumba haijiuzi yenyewe, inauzwa kwa mdomo. Unapanda juu ya meza, unaikung'uta, unawaambia watu, "Hii mwenyewe aliivaa siku moja tu, harusini, tena hakukaa." Shule niliishia darasa la saba, kwingine kote nilifikishwa na mdomo. Sasa vuta picha redio inayokohoa. Nikifika kwenye "siku moja tu" pumzi imekwisha, mteja kaondoka, suruali nimeikumbatia.

Kabla masika hayajaanza nilishakunywa kila kitu: tangawizi, asali, dawa ya maji ya rangi tatu tofauti. Mwili ukawa unapungua kwa vipimo vya biashara. Nilianza kuvaa saizi thelathini na mbili, nikashuka ishirini na nane, mwishoni nikawa nachagua kwenye fungu la watoto. Mtaani wakaacha kuniita Redio. Wakasema nimekanyaga waya, na waya waliousema unaujua, ule wa ukimwi. Nilipojua ni TB nilitaka kuzunguka Kariakoo nzima nikitangaza, "Ni kifua tu jamani." Ila pumzi ya kutangazia ndiyo sina.

Nikwambie kwanza kuhusu chumba chetu, maana vita yangu yote ilikuwa humo.

Nyumba ni ya vyumba sita, korido katikati, nyuma uani kuna bomba, choo na majiko ya kila mtu. Chumba chetu ni cha mwisho, dirisha linaangalia uani. Tulikuwa watatu: mimi, Mama anayekaanga vitumbua barazani asubuhi, na kaka yangu Seif. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vilipoanza kushuka kwenye makontena, Seif alinunua TV na deki ya video, basi chumba chetu kikawa ukumbi. Jumapili baada ya chakula cha mchana nyumba nzima inaingia kwetu. Wengine kitandani, watoto chini kwenye mkeka, Mama Zuwena wa chumba cha pili na kigoda chake mwenyewe, kwa sababu kiti chochote kingine alikuwa anakikosoa. Mama Zuwena akicheka, bati linasikia.

Na mchagua picha ni mimi. Hicho kilikuwa cheo. Wanaume wanataka mapigano, akina mama wanataka nyimbo na vilio, watoto wanataka mtu aanguke. Mimi nikawa natafuta vichekesho vyenye safari ndani yake. Watu wanatafuta hazina msituni, wanapotea, wanaanguka mtoni, mwishoni kuna harusi. Kila mtu anapata chake.

Nilikuwa naazima kwa Mzee Kanti, Mhindi mwenye duka la kanda karibu na soko kubwa, mtu wa miwani na shati jeupe la mikono mifupi. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila mkanda unaotoka unaacha dhamana. Mimi niliacha cheti changu cha darasa la saba. Kilikaa kwenye droo yake miaka miwili, na sidhani kama cheti hicho kimewahi kufanya kazi nyingine yoyote. Ya pili, mkanda unaurudisha umeshauzungusha hadi mwanzo. Asiyeuzungusha anasemwa mbele ya wateja.

Lakini mimi nilikuwa nawatafuta haohao wasiouzungusha. Mzee Kanti aliposhangaa, nikamfundisha.

"Mzee, usiangalie picha ya kwenye kasha, kasha ni muongo. Angalia mkanda umesimama wapi. Ukisimama mwisho, watu wameangalia hadi majina yamepita, wakasahau hata kuuzungusha. Chukua huo. Ukisimama katikati, kuna mtu amechoka akaenda kulala. Picha mbovu hiyo."

Akauinua mkanda mmoja kwenye mwanga, akatazama kidirisha chake. "Na huu?"

"Robo saa tu. Huyo hata chai hakumaliza."

Alicheka hadi akavua miwani. Kuanzia hapo akawa ananiwekea pembeni zile zilizosimama mwisho.

Sasa ugonjwa ukaingia chumbani. Miezi miwili ya kwanza ni sindano kila siku asubuhi, Jumapili tu unapumzika, na vidonge unavimeza sista akikutazama kooni. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa inabadilisha mkojo rangi. Siku ya kwanza nimeingia choo cha uani, nikaona mwekundu kama sharubati ya duka, nikatoka nimeshika ukuta, nikamwambia Mama naagana naye. Sista kesho yake akacheka na muhogo wake. "Ukiwa wa kawaida ndio uje unililie, nitajua hujameza." Basi nakwambia wewe mapema: usiage watu.

Sindano nazo, ukichomwa kulia leo na kushoto kesho, unakosa pa kukalia. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nimeegemea upande mmoja kama baiskeli iliyowekwa ukutani. Benchi zima tulikuwa tumeinama hivyo. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, leo sisi tumeinama kushoto, na wewe inama huko, usituharibie mstari."

Nyumbani hakukuwa na wa kunichekesha. Seif alibeba godoro akahamia kwa rafiki yake Buguruni. TV aliiacha, akasema nimeshaikoholea sana. Mama akanitengea sahani, na kikombe changu akakiwekea alama chini, doti ya rangi ya kucha nyekundu. Mimi nilikuwa namwelewa. Vitumbua vyake vilianza kubaki kwenye beseni. Watu waliokuwa wanakula vinne wamesimama wakawa wanapita upande wa pili wa barabara na kusalimia kwa mkono. Saa nne asubuhi Mama anarudi ndani na beseni limejaa, anasema, "Leo watu hawana njaa." Kila siku watu wa Kariakoo hawana njaa.

Jumapili ya kwanza nikaweka mkanda, nikasubiri. Nikasikia kigoda cha Mama Zuwena kinaburuzwa koridoni, kikasimama mlangoni. Akachungulia.

"Hamisi mwanangu, mimi leo kifua kinanibana. Siku nyingine."

"Kifua kinanibana mimi, Mama Zuwena."

"Ndio maana nikasema siku nyingine."

Kigoda kikaburuzwa kurudi. Nikaangalia ile picha peke yangu. Ilikuwa ya mpishi wa meli aliyetupwa kisiwani na sufuria zake, na pale anapojaribu kumpikia mamba, nakumbuka, nilicheka nikakohoa hadi nikaona nyota, na hakukuwa na mtu hata wa kuniambia nyamaza. Nikazima. Nikaapa, kwa sauti, kwa ukuta: watu wataingia humu ndani na watakaa. Sikuapa kupona. Niliapa hilo.

Jumapili iliyofuata niliwakomoa. Nilikuwa na nguvu za kuinua kikombe tu, lakini nilikokota ile meza sentimita kwa sentimita, nikaigeuza TV uso wake utazame dirishani, nikafungua mbao za dirisha zote, nikaweka sauti juu. Hamtaki kuingia, basi picha itatoka. Mimi nikabaki kitandani nyuma yake, natazama mgongo wa TV: matundu, vumbi, na waya.

Kwanza walikuja watoto. Halafu mkeka ukatandikwa. Halafu nikasikia kigoda.

Hapo ndipo nilipojifunza kuangalia picha kwa nyuso za watu. Sikuona hata mtu mmoja wa kwenye ile picha, niliwaona wao, wamepangwa dirishani kama wao ndio wako ndani ya TV. Midomo ikifunguka, najua daraja linakatika. Mama Zuwena akijifunika na kanga, najua nyoka. Watoto wakirudi nyuma wote kwa pamoja, najua risasi. Picha nyingine hadi leo sijui zilihusu nini, ila namjua aliyelia na aliyejifanya vumbi limemwingia jichoni. Nikawa nachagua vizuri zaidi kuliko nilipokuwa mzima. Kichekesho kikiwa cha maneno tu kinawapita. Mtu akianguka na kitu alichokibeba, uani pote wanakufa kwa kicheko. Asubuhi natoka kwenye sindano, napita kwa Mzee Kanti nimeinama upande, namwambia, "Leo nipe ya mtu aliyebeba mayai."

Alikuwa ananiona nakonda. Alinisogezea kiti, nami nikakikataa kwa sababu unazozijua.

Mwezi wa pili ukaisha na mvua za masika zikaisha nazo. Sista akasema makohozi ni masafi, siwezi kumwambukiza mtu, sasa nitameza vidonge nyumbani miezi sita, kila wiki mbili nakuja kuchukua vingine, anapiga tiki kwenye kadi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama. Akaendelea kukoroga unga wa vitumbua. Ila kesho yake nilipogeuza kikombe, doti haikuwepo. Ilikuwa imekwanguliwa na kisu, pamebaki mkwaruzo.

Majirani hawana kisu cha kukwangulia. Walibaki uani.

Halafu kipupwe kikaja na mimi nikapona. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nakula kama niliyekodishwa. Suruali ikarudi thelathini. Sauti ikarudi, nikarudi Mchikichini, nikapanda juu ya meza, na nilipofika "siku moja tu, harusini" pumzi bado ipo ya kumalizia. Siku ya kwenda kuchukua vidonge ikafika, nikahesabu: nikienda, asubuhi nzima ya biashara imekwenda, na wale wa sokoni wananiona kwenye benchi la kifua. Mgonjwa gani anapanda mezani kuuza suruali? Nikaona nikiendelea kumeza ndio naendelea kuwa mgonjwa. Nikiacha, watajua nimepona. Nikaruka wiki mbili. Nikaruka nyingine mbili. Mwezi mzima, na nilikuwa najisikia bomba, ndugu yangu. Hapo sikiliza vizuri, kwa sababu na wewe utajisikia bomba.

Nikatangaza nyumba nzima: Jumapili TV inarudi kutazama ndani. Hakuna kukaa uani kama kuku. Na picha ni kubwa, ya mapacha wawili wanaotafuta mgodi wa babu yao, sehemu ya kwanza na ya pili, kanda mbili. Mama Zuwena akasema, "Tutaona." Kwa Mama Zuwena hiyo ni nusu ya kukubali.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Kanti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kanda mbili? Dhamana mbili. Cheti chako kimoja."

Nikajipapasa mfukoni. Nilikuwa na kadi ya kliniki, ile ya kaki, imekunjwa mara mbili. Nikaitupa mezani. "Shika hii. Kwangu haina kazi tena."

Nadhani hakuna mtu mwingine hapa Dar aliyewahi kuweka kadi ya TB dhamana ya picha ya kuchekesha.

Mzee Kanti akaikunjua. Akaisoma taratibu, kidole kinapita kwenye vijumba. Tiki, tiki, tiki. Kidole kikasimama.

"Hapa hakuna kitu."

"Nimepona, mzee. Nitazame."

"Nakutazama." Akachukua mkanda mmoja wa mteja mwingine uliokuwa mezani, akauinua kwenye mwanga. "Huu umesimama katikati. Wewe unasemaje?"

"Picha mbovu."

Akaiinua kadi yangu palepale kwenye mwanga, pembeni ya mkanda.

Nikajichekesha. "Mzee, mimi si mkanda."

"Mdogo wangu alikuwa anakaa hapo juu," akasema, akaonyesha dari kwa kalamu. "Kifua hikihiki. Mwezi wa nne akajisikia vizuri. Akanunua viatu vipya, akaacha dawa. TB iliporudi, haikusikia dawa tena." Akavua miwani akaifuta na shati. "Viatu vile bado vizima."

Akarudisha kanda mbili kwenye rafu. Akanirudishia kadi. "Hii ndiyo dhamana yangu sasa. Cheti sitaki. Ikiwa na tiki, unapata picha. Haina tiki, hupati hata kasha."

Niliondoka nimekasirika kuliko siku niliyoambiwa nina TB. Nilimtukana njia nzima, kimoyomoyo, hadi Msimbazi. Nilipofika kona ya mtaa wetu nikawa nimekaukiwa matusi, nimebaki na vile viatu.

Jumapili wakaja. Wamesimama uani, mlango wa chumba nimeufungua, hakuna aliyevuka kizingiti bado, na Mama Zuwena ameshika kigoda kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Hamisi, mapacha wako wapi?" akauliza.

Ningeweza kuwauzia chai. Deki imeharibika, mkanda umekatika, ninazo sababu kumi za hivyo. Lakini Mama alikuwa amekaa kwenye jiko lake pale uani ananitazama, na nikakumbuka lile beseni lililokuwa linarudi limejaa.

"Mapacha wamezuiwa," nikasema. "Mzee Kanti kakataa. Nimeacha dawa mwezi mzima na kaiona kwenye kadi."

Kigoda kikashushwa chini.

"Si ulisema umepona?" Mama Zuwena akauliza.

"Nilisema. Si mnajua kazi yangu, nauza suruali."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama hakucheka. Alisimama, akaingia ndani akafunga mlango, mimi nikabaki nje pamoja na majirani, kwa mara ya kwanza tangu masika tukiwa upande mmoja. Mama Zuwena alisogea hatua moja kutoka kwangu. Niliiona. Akaona kwamba nimeiona.

Jumatatu Mama hakukaanga. Alivaa baibui, akanishika mkono kama ananipeleka kuandikishwa darasa la kwanza, tukaenda kukaa kwenye benchi. Sista aliweka muhogo chini, akanisema mbele ya watu wote, na wote wakapata nafuu kwa kusikia mwingine anasemwa. Nikapimwa makohozi upya. Siku zile za kungoja majibu sikufanya mzaha hata mmoja, Mama akaniuliza kama naumwa. Majibu yakaja masafi. Bahati, sista akasema, na usinipe shukrani, nenda ukameze. Mwezi nilioutupa akaurudisha nyuma ya ile miezi mingine. Minane ikawa tisa.

Basi nikameza. Kipupwe kikaisha nikimeza, vuli ikanyesha nikimeza. Vidonge vilikuwa vinanitia kichefuchefu, nikawa navisindikiza kwa kitumbua, na nikimaliza nalipiga beseni kofi kama nimefunga goli. Kuna siku nilimeza kwa hasira tu, ili Mzee Kanti asipate cha kusema. Kila wiki mbili namwekea kadi mezani kama mtu anayeonyesha karata ya mwisho. Anatafuta tiki, anaiona, anasema, "Chagua." Na Jumapili TV inatazama uani, mimi nyuma yake. Kuigeuza nilikataa. Mama alisema nigeuze, yeye na mimi tuangalie. Nikasema itageuka siku kadi imejaa, si kabla.

Seif alirudi na godoro lake mwezi wa nane wa dawa. Hakuomba radhi, sisi wanaume wa kwetu hatuna hilo. Aliuliza, "Nani amekwaruza meza yangu?" nikajua amerudi.

Kadi ilijaa kiangazi, joto lile la mwanzo wa mwaka ambalo hata kivuli kinatoka jasho. Sista akapiga tiki ya mwisho, akaandika neno moja chini, "amepona", akanikatia kipande cha muhogo. Nikapita kwa Mzee Kanti. Akasoma kadi yote, kidole kijumba kwa kijumba, hadi mwisho. Akatoa mapacha, kanda mbili. Kwenye droo akatoa cheti changu cha darasa la saba, akakifuta vumbi.

"Dhamana?" nikauliza.

"Nenda bwana."

Jumapili mimi na Seif tuliibeba ile meza tukaigeuza. Nikafunga dirisha. Nikafungua mlango, nikakaa kitandani mahali pangu pa zamani, sikumwita mtu. Mama akaingia na sahani ya karanga akakaa karibu yangu. Watoto wakaingia kwa sababu watoto hawana mambo. Halafu nikasikia kigoda koridoni. Kikafika mlangoni, kikasimama. Kadi nilikuwa nimeibandika ukutani juu ya TV, na Mama Zuwena akaitazama kama anayeweza kuisoma, na hawezi. Kikaburuzwa ndani. Akakiweka mbele ya wote, karibu na magoti yangu, akakikosoa kitanda kwanza, akakaa. Nyuma yake wakajaa.

Mapacha walikuwa wazuri. Kwenye sehemu ya pili, mmoja amebeba kreti la mayai kwenye daraja la kamba, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa niliiona picha yenyewe kwa macho yangu, si kwenye nyuso. Nilicheka karanga ikapotea njia. Nikakohoa. Kikohozi cha nguvu, kile cha zamani, cha kutoka tumboni, chumba kizima kikakisikia. Nikaziba mdomo, nikawatazama. Nilikuwa na uzoefu wa nyuso zao, ningejua.

Hakuna aliyesogea.

Mama Zuwena hakugeuza hata shingo. Alirusha mkono nyuma, akanipiga begani mara mbili, macho yakiwa kwenye daraja.

"Wewe Redio," akasema, "kohoa polepole, hatusikii."